Ruka Mguu Yangu

Wakati wa vita hakuna aliyeniuliza kwa nini mkono wangu unatetemeka. Nani angeuliza? Butembo nzima ilikuwa inatetemeka. Risasi zikilia, sahani zilicheza kabatini, mbuzi walijibana ukutani, na nimeona kwa macho yangu padri akiinua kalisi kwa mikono miwili na bado inayumba. Mimi nikatetemeka pamoja nao wote. Shida ni kwamba wao waliacha, mimi sikuacha.

Nilikuwa mwalimu wa mwaka wa pili wa shule ya msingi. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimeshika chaki, na mwandiko wangu ulisifiwa hata na wazazi wasiojua kusoma, kwa jinsi ulivyokuwa mkubwa na wa duara. Sasa ukaanza kujikunja. Neno lilianza vizuri upande wa kushoto, likifika kulia limekuwa dogo hata mimi mwenyewe silisomi. Siku moja mkuu wa shule alisimama nyuma ya darasa, akatazama ubao, akasema, "Madame, batoto basome nini pale? Ni musururu ya sisimizi?" Watoto wakacheka. Nikamjibu kwamba akinunua miwani ataona. Hakuhitaji miwani, na mimi nilijua.

Majirani walisema ni kasiksi. Mimi, ambaye pombe ya ndizi hunipa kiungulia kwa harufu yake tu! Wengine wakasema nimetiliwa sumu na mtu anayetaka kazi yangu, kana kwamba mshahara wa mwalimu wakati ule ulikuwa kitu cha kumuulia mtu. Mume wangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Jioni moja alikaa na kisu chake kidogo, akang'oa vifungo vya blauzi zangu zote, akashonea kamba za kufunga kwa urahisi. Nilimkasirikia siku tatu. Siku ya nne nikavaa moja, nikakuta inafaa, na sikumwambia asante mpaka leo.

Njia ilipotulia kidogo alinipandisha kwenye lori la maharage, nikateremka Beni kuonana na daktari aliyesemwa kwamba anajua magonjwa ya mishipa. Daktari akanitembeza, akanigongagonga magoti, akaniandikisha jina langu mara tano. Mwisho akasema, "Mama, ni Parkinson."

"Parkinson ni nani?"

"Ni daktari wa zamani. Ndiye aliyeandika habari za ugonjwa huu."

"Basi mumwambie aje achukue kitu yake."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaeleza kwamba hauponi, ila kuna vidonge vya kuutuliza, na kwamba vidonge vyenyewe vinapitia Uganda, vikipatikana. Nikaaga, nikafika mlangoni, na pale mlangoni miguu ikagoma. Haikuwa mara ya kwanza. Mtu akikwambia miguu imeganda unadhani anasema kwa mafumbo, lakini yangu ilikuwa imenata kwenye simenti, kichwa kinasema twende, magoti yanatikisika, nyayo hazijui habari. Nyuma yangu wagonjwa walianza kunung'unika.

Kwenye benchi ya korido alikuwa amekaa mama mmoja mnene, kitenge cha kanisa kiunoni, kidole gumba chake kikizunguka zunguka kama anayesokota uzi. Alinitazama kidogo, akainuka polepole, akaja akanyoosha mguu wake mbele ya mguu wangu, pale pale kwenye kizingiti.

"Mama, hapana kuangalia mulango. Mulango njo inakufunga. Angalia chini. Ruka mguu yangu."

Lazima nieleze. Kwetu mtu haruki miguu ya mtu. Ukiruka mtoto, hatakua. Ukiruka mtu mzima, unamfungia njia yake. Ukikosea ukamruka, unatakiwa urudi papo hapo, uruke tena kwa upande uliotokea, ndipo umemfungua. Hata watoto wakicheza uani utasikia wanalia, "Umeniruka! Rudi unifungue!" Mimi nimelelewa. Nikamwambia, "Aka! Siwezi kuruka mutu mukubwa."

"Ruka. Kama iko laana, ni yangu."

Nikainua goti, nikaruka. Ee Mungu, nikatembea! Nilitembea korido nzima kama ninakwenda kupokea ekaristi, na yeye nyuma yangu akipiga makofi ya taratibu. Tulipofika uani akasimama, akanyoosha mguu tena.

"Sasa rudi unifungue. Uko unafikiri nilikuwa nasahau?"

Tukacheka mpaka machozi. Hivyo ndivyo nilivyompata. Alikuwa mjane, kiongozi wa kwaya katika kanisa la Kiprotestanti huko Mulekera, mtaa wa Beni, muuza mawese. Nilipomwambia jina ambalo daktari amenipa, alijipiga paja. "Kumbe njo yeye! Ule bwana, mimi aliniowa mbele, inafika miaka ine sasa. Donc wewe ni mbanda yangu."

Mbanda ni yule mwanamke mnayegawana naye mume, yule ambaye kwa kawaida hupaswi kumpenda. Mimi mke wa ndoa ya kanisa Katoliki nikapata mbanda katika korido ya hospitali, na tangu siku ile sikumwita jina lingine.

Kwa muda njia ilikuwa wazi, tukawa tunatembeleana mara moja kwa mwezi. Nilishuka na vitunguu vya majani na viazi vya Lubero, kwa sababu Beni hawana viazi vya kusema. Nilipanda na chupa ya mawese. Yeye akija Butembo alilalamika baridi tangu anashuka garini mpaka anaondoka. Mnauliza tulifanya nini? Hatukufanya kitu. Tulikaa. Mtu ambaye hajaugua hivi hajui raha ya kukaa na mtu ambaye hatazami mkono wako. Nyumbani kila mmoja alikuwa anautazama halafu anajifanya hautazami. Mbanda yeye aliutazama wazi na kusema, "Leo bwana yetu anakuchezesha rumba." Vidonge vikimfikia mmoja wetu, vilikatwa nusu kwa wembe, nusu inafungwa ndani ya kiberiti kitupu na kupewa dereva wa lori. Hakuna kiberiti kilichopotea. Madereva walidhani ni dawa ya uzazi, wakaogopa kukifungua.

Yeye alinipa miguu. Mimi nilimpa sauti. Maana ugonjwa ulikuwa unamla sauti, kiongozi wa kwaya mzima, akisema inatoka kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi, na mwenyewe hajui, anadhani sisi ndio viziwi. Nikamfundisha kama nilivyofundisha wanafunzi wangu kusoma kwa sauti. Nilimsimamisha, nikaenda mpaka kwenye miti ya mibuni nyuma ya nyumba yake, nikapaza, "Mtoto wa benchi ya mwisho hajasikia! Rudia!" Naye anavuta pumzi, anarudia. Jirani zake walitoka kuangalia. Wanawake wawili wazima, mmoja anapiga kelele kwenye mibuni, mwingine anajibu mlangoni, wote wanatikisika.

Na kila tulipoagana, nilikwama mlangoni kwake, kwa sababu mlango wake ulikuwa mwembamba na mimi na milango myembamba tulikuwa maadui. Alinyoosha mguu, nikaruka. Alinifuata uani, akaunyoosha tena, nikarudi nikamruka kwa upande wa pili. Ndipo tulisema kwaheri. Haikuwahi kukosa hata mara moja.

Halafu njia ikafungwa. Vita ilikuwa imehamia katikati yetu, pande za Kalunguta, na watu wa mashamba ya huko wakaanza kupanda Butembo na magodoro kichwani. Kutoka kwangu mpaka Mulekera ni mwendo ambao lori huumaliza kabla chakula cha mchana hakijaiva. Sasa ikawa sawa na Ulaya.

Ikabaki foni. Vijana wa leo wenye simu mifukoni hawaijui. Ilikuwa redio ya kusemea, kisanduku kimewekwa juu ya meza katika chumba cha duka, betri ya gari chini, waya umepanda mpaka ncha ya mti wa mkaratusi. Unapanga saa na mtu wako, unafika, unangoja zamu. Mmoja anasema, mwingine ananyamaza, na ukimaliza lazima useme "à vous", ndipo yule wa upande wa pili aruhusiwe kusema. Na foleni nzima inasikia. Hakuna siri kwenye foni.

Saa yetu ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Mara ya kwanza nilishika kile kipaza sauti nikasema, kwa furaha, bila kufikiri, "Mbanda wangu! Bwana yetu anakutunza namna gani? À vous."

Ikaja sauti yake, na mikwaruzo: "Aaa, mbanda, hii bwana! Usiku hakuniacha nilale. Alinitikisa mpaka asubui. À vous."

Mzee mmoja aliyekuwa na kofia aliivua. Nikageuka nikaona nyuso za wamama wa parokia yangu, wawili, macho yametoka. Nami badala ya kueleza, hasira zangu zikanishika, nikasema kwenye kipaza sauti, "Mimi pia, wiki nzima! À vous," nikatoka kichwa juu.

Kabla ya misa ya Jumapili habari ilikuwa imezunguka mtaa. Mume wangu alinisubiri nimalize kula. "Mama," akasema, "nasikia uko na bwana Beni."

"Ni kweli."

"Anaitwa nani?"

"Parkinson."

Akafikiri. "Ni Muzungu?"

"Ni Muzungu, tena alishakufa."

Akanitazama, akautazama mkono wangu unaogonga meza, kisha mtu huyu ambaye hucheka labda mara moja kwa mwaka akacheka mpaka akashika mlango. Kuanzia hapo Jumamosi alinisindikiza, na kwenye kila kona ya kilima nilipokwama alinyoosha mguu wake, kwa aibu, akiangalia pembeni kama hatujuani.

Lakini sauti ya Mbanda ilikuwa inaondoka. Nilisikia inaondoka, Jumamosi kwa Jumamosi. Mwanzoni nilikosa neno moja moja. Halafu nikawa napata neno moja moja. Kijana mwenye mashine akazungusha vifungo vyake, akaniambia, "Mama, kule hakuna mutu. Ni makelele tu." Nikamwambia anyamaze. Nikainama kwenye kipaza sauti, nikapiga kelele mpaka nje wakasikia: "Mtoto wa benchi ya mwisho hajasikia! Rudia! À vous!" Tukangoja. Ndani ya mikwaruzo nilisikia pumzi, mtu anavuta pumzi ndefu kama nilivyomfundisha. Baada ya pumzi hakikuja kitu.

Jumamosi iliyofuata alisema binti yake. "Mama iko hapa, anasema, midomo inatembea. Lakini mashine haimusikie. À vous."

Nilirudi nyumbani nikalia, na ninasema wazi kwamba nililia kwa wivu. Maneno yake yalikuwa yanatoka na kumwagikia Beni, kwa watu waliokuwa karibu naye, na mimi niliyekuwa najua maana yake sikuyapata. Nilitaka kuweka sikio langu kwenye mdomo wake. Hilo tu. Nilitaka nifike kabla hata kile kilichobaki hakijakwisha.

Zikaja siku chache za utulivu. Wafanyabiashara wakaanza kujaribu njia. Mume wangu alisema usiende, akasema mara mbili, jambo ambalo kwake ni hotuba. Asubuhi yake nikapata nafasi katika gari la muuza mawese aliyekuwa anashuka na kurudi siku hiyo hiyo. Dereva akanionya: mchana ukianza kupoa anaondoka, akiwa nami au bila mimi, kwa sababu bariyeri za askari zikifungwa hazina huruma.

Kalunguta askari akatuteremsha wote. Akanitazama mkono. "Wewe mama, unatetemeka juu ya nini? Unaficha nini?"

"Niko natetemeka tangu wewe hujajua kushika bunduki," nikamjibu. Abiria wenzangu wakamwita Yesu chini kwa chini.

Akaniamuru nivuke kwa miguu peke yangu. Na hapo, bila shaka, miguu ikanata. Yeye anapiga kelele tembea, mimi nimesimama, na kadiri anavyopiga kelele ndivyo ninavyozidi kuganda. Nikatazama chini. Mwanzi wao wa kufungia njia ulikuwa umelazwa barabarani. Nikafunga macho, nikafikiri ule ni mguu wa Mbanda, nikauruka, na nikaendelea kwenda mpaka nikampita na yeye mwenyewe. Askari mmoja akacheka, wengine wakacheka, dereva akatupakia upesi kabla hawajabadili mawazo.

Mulekera nilimkuta amelazwa kwenye godoro karibu na mlango, kwa ajili ya hewa. Alikuwa amepungua. Uso wake haukusogea nilipoingia, na kwa dakika nzima nilidhani amenikasirikia kwa kuchelewa. Kisha nikaona ni uso wenyewe umefungwa. Bwana yetu alikuwa ameuchukua. Macho tu ndiyo yalikuwa yake, na macho yalikuwa yanacheka.

Nikakaa chini, nikaweka sikio kwenye mdomo wake kama nilivyotaka. Pumzi yake ilikuwa ya moto. Nilingoja. Akasema, "Mbanda." Basi. Nikamwambia mimi habari zote: za mkuu wa shule aliyeniondoa darasani akanipa kutunza funguo za stoo, za mume wangu na mguu wake wa aibu, za yule mzee aliyevua kofia. Binti yake alileta bugali na sombe, yale majani ya muhogo. Nikachukua kijiko nimlishe mimi. Binti akasema, "Mama mukubwa, mikono yako..." Nikamwambia, hii ni kazi ya mbanda. Nusu ilimwagika kwenye shuka, nusu ilifika, na mkono wangu na kidevu chake vilipishana mara nyingi kuliko vilivyokutana. Macho yake yalicheka sana. Sijawahi kulisha mtu kwa furaha namna ile.

Gari likapiga honi. Nilijifanya sisikii. Likapiga tena, binti akatoka kumbembeleza dereva. Nikaegemea ukuta, nikainuka, nikafika kwenye ule mlango mwembamba, nikakwama.

Sikutaka kuondoka, na huenda miguu ilijua. Nilisimama nimempa mgongo, honi inalia, nikasema moyoni basi, nibaki hapa, waje watukute wawili. Halafu nikasikia shuka inasuguana. Nikatazama chini. Kidole cha mguu kilikuwa kinatoka pembeni ya godoro. Kilichukua muda mrefu, Mungu wangu, muda mrefu sana. Kidole, unyayo, kifundo, ule mguu uliokuwa mnene sasa umebaki mfupa na ngozi, ukiburuzwa inchi kwa inchi kwenye udongo wa sakafu mpaka ukalala mbele ya mguu wangu. Niligeuza shingo. Midomo yake ilisogea. Sauti haikuwapo, lakini mimi ni mwalimu, ninasoma midomo ya watoto miaka yote.

Ruka.

Nikaruka. Nikajikuta nje, juani, ninatembea, na dereva ananivuta mkono. Nilipaswa kurudi. Nilijua. Yeye hakuweza kunifuata uani safari hii, ilikuwa ni mimi niingie tena ndani, nimruke kwa upande wa pili, nimfungue. Lakini ndani kulikuwa na ule mlango, na kama ningeingia ningekwama tena, na dereva alikuwa ameshawasha gari. Nikapaza sauti ya darasani, ya kufika mpaka benchi ya mwisho: "Mbanda! Nitarudi mwezi unaokuja, nikufungue!"

Njia ilifungwa tena wiki ile ile. Jumamosi moja, saa nne, binti yake alisema kwenye foni, "Mama alitutoka juzi. Alilala vizuri. À vous." Na kwenye foni, ukiambiwa à vous, lazima ujibu. Watu walikuwa wananingoja, kijana wa mashine ananiangalia, binti ananingoja Beni na mikwaruzo yake. Nilifungua mdomo. Mume wangu ndiye aliyechukua kile kipaza sauti, mtu wa maneno machache, akasema, "Tumesikia, mwanangu. Wasingya, asante. À vous."

Sasa ni mimi ambaye watu husema, "Mama, pandisha sauti." Nina simu, wajukuu wamenifundisha. Pikipiki zinakwenda Beni siku ambazo njia ni salama, na siku hizo si nyingi, na mimi sipandi tena pikipiki. Mume wangu amepigilia kibao chembamba kwenye kizingiti cha kila mlango wa nyumba yetu, amekipiga randa vizuri, ili niwe na kitu cha kuruka. Naruka asubuhi kwenda jikoni. Naruka kwenda uani kuota jua. Kibao hakisemi, "Kama iko laana, ni yangu," wala hakinyooshwi mara ya pili.

Wanasema kaburi lake liko nyuma ya kanisa lao, na mtu mwenye akili haruki kaburi. Kwa hiyo sijui nitafanyaje. Nilimruka kwenda. Kurudi, bado.